Ndani ya kinu cha nyuklia chuma kinazidi kuwa kigumu, na hapo ndo shida inapoanzia

MshonoWaChuma (mleta uzi):

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Huu uzi nimekaa nao kichwani muda mrefu, leo mvua imenifungia ndani huku Tabata nikasema ngoja niushushe tu. Kila ikitajwa urani ya Mto Mkuju kule Namtumbo mjadala wetu unaenda sehemu mbili, mabomu na mionzi, basi, watu wanarushiana Chernobyl na Hiroshima kurasa kumi na tano. Sijawahi kuona hata mmoja anauliza hilo dude lenyewe linaundwa kwa chuma gani na hicho chuma kinakuwaje kikishakaa humo ndani miaka arobaini. Mimi ni mkaguzi wa weldi, matenki ya mafuta, mabomba, vifaa vya kunyanyulia mizigo, nilianza kama saidia fundi kule Gerezani Kariakoo miaka hiyo, kwahiyo kwangu hilo ndo swali la kwanza kabla ya mengine yote. Sijawahi kufanya kazi kwenye kinu cha nyuklia, nisije nikawadanganya, ila vyuma vyake nimevisoma miaka sita sasa kwa mapenzi yangu tu, na kila nikisoma nakutana na mambo yale yale ya karakana zetu.

Nianze na kitu kilichopo hapa mezani ninapoandika. Ni nusu ya kulabu ya winchi. Ilikuwa imelika mdomoni, yadi moja hapa mjini wakamwita fundi akaijazia weldi, akaisaga na grenda ikatoka safi kabisa. Niliandika kwenye ripoti isitumike. Msimamizi akaniambia hiyo sasa hivi ni ngumu kuliko ilivyotoka kiwandani, leta tupa uone. Na kweli, tupa haikung'ata, ilikuwa inateleza juu kama unakwangua chupa. Siku ya tatu ikakatika na mzigo wa tani moja na nusu, mlio mmoja tu, paa! mzigo chini. Namshukuru Mungu hakuna aliyekuwa amesimama pale.

Nilipoiokota kitu kilichonishtua ni kwamba haikupinda hata kidogo. Kulabu nzima ikizidiwa inafunguka mdomo kwanza, unaiona, unapiga kelele, watu wanakimbia. Hii haikufunguka. Na pale ilipokatikia pamemetameta punje punje kama chumvi ya mawe, ukiigeuza kwenye taa inawaka. Chuma kilichovutika kabla ya kukatika hakiko hivyo, kinakuwa cha kijivu kilichofifia, kina nyuzi nyuzi kama muwa uliovunjwa kwa mkono.

Sasa shikeni hapo. Msimamizi hakukosea kusema ile kulabu imekuwa ngumu, ilikuwa ngumu kweli. Alichokosea ni kudhani ugumu ndo usalama. Na hii ndo habari nzima ya vyuma vya kinu cha nyuklia, ukiishika hii umeshika nusu ya somo.

Humo ndani urani inapopasuka inatoa nyutroni, chembe ndogo za ndani ya atomu. Nyutroni haina chaji kwahiyo inapita kwenye chuma kama vile hakuna ukuta, mpaka ije igonge kiini cha atomu mojawapo. Atomu za chuma zimejipanga mistari kwa mistari kama viti ukumbini kwenye harusi. Moja ikigongwa inatoka kwenye kiti chake kwa kasi, inamgonga wa pili, wa pili anamgonga wa tatu, kabla hujapepesa jicho maelfu wamehama. Wengi wanarudi kukaa muda huo huo ingawa siyo lazima kwenye kiti kile kile, lakini wachache wanabaki wamesimama katikati ya njia na nyuma yao kuna viti vitupu. Wanaosimama wanakusanyana vikundi, na viti vitupu navyo vinakusanyana.

Chuma kinapopinda ni kwa sababu ile mistari inateleza moja juu ya nyenzake. Sasa njia zimejaa watu wamesimama, mstari hautelezi. Ukikivuta chuma unakuta kinahitaji nguvu kubwa zaidi kuanza kunyooka, stenlesi ya ndani ya kinu inaweza kufika mara mbili mpaka mara tatu ya ilivyokuwa mpya. Mtu asiyejua atashangilia. Lakini ile hali ya kukubali kidogo, kuvutika, kupinda kabla ya kukatika, ndo imeondoka.

Ukitaka kuonja kidogo chukua waya wa kufungia nondo, upinde, unyooshe, upinde tena pale pale. Mara ya kwanza unaenda wenyewe. Mara ya tatu ya nne kidole kinasikia kabisa pale pamekaza, waya unataka kupindia pembeni yake, ukilazimisha unakatika. Hapo umeukaza kwa mikono yako. Nyutroni zinakaza bila mtu kugusa, usiku na mchana.

Naendelea, niwape nafasi kwanza.

BintiUkonga:

Kaka shukrani kwa uzi. Mimi nipo maabara ya kupima vifaa vya ujenzi, kazi yangu kila siku ni kuvuta nondo mpaka zikatike. Naomba nikuongezee kitu maana watu wengi wanachanganya. Ugumu ni ule wa tupa kutokung'ata. Nguvu ni mzigo gani nondo inabeba kabla haijaanza kunyooka moja kwa moja. Na kuna cha tatu ambacho wateja wetu hawakiulizi kabisa, ustahimilivu, yaani chuma kikishakuwa na ufa mdogo kinaweza kula kiasi gani cha kishindo kabla ufa haujakimbia. Unaweza kuwa na cha kwanza na cha pili juu kabisa na cha tatu kikawa sifuri. Kipande cha tupa yenyewe ni mfano, ni kati ya vitu vigumu kabisa karakanani na ukiiangusha kwenye sakafu inakatika vipande.

Cha tatu kinapimwa kwa mashine ya Charpy, jina la Mfaransa Georges Charpy aliyeieleza mwaka 1901. Kipande cha milimita 10 kwa 10 urefu 55, unakichonga mkato wa umbo la V wa milimita 2, unakiweka, nyundo inashuka kama bembea inakipiga upande wa nyuma wa mkato, unasoma nyundo imepoteza nguvu kiasi gani. Basi. Miaka zaidi ya mia na bado ndo tunayotumia.

BahariaMstaafu:

Vijana marahaba. Mmenikumbusha mbali. Sisi tulipokuwa tunasomea mambo ya injini za meli tulifundishwa habari ya meli ya Schenectady, tanki la mafuta la Marekani, Januari 1943, limefungwa gatini Portland Oregon, bahari shwari, limetoka majaribio salama, usiku likakatika katikati sauti ikasikika mbali sana. Halikugongwa na kitu. Chuma chake kwenye baridi kilikuwa kinageuka. Mwalimu wetu alikuwa anasema chuma kina joto lake, chini ya hapo si chuma tena ni kigae. Sasa sisi wa Dar baridi ya namna hiyo hatuijui, hilo somo tulilisahau. Swali langu kwako kijana, hiyo kulabu yako ilikatika kwenye jua la Dar, baridi ilitoka wapi?

MshonoWaChuma:

Mzee wangu shikamoo tena, swali lako ndo mlango wa sehemu ya pili, umenirahisishia kazi.

Baridi haikuja, ni lile joto la mgeuko lenyewe ndo lilihama. Ni kweli kila chuma cha aina hii kina joto lake la mgeuko, juu yake kinapinda, chini yake kinapasuka. Kulabu ilivyotoka kiwandani mgeuko wake labda uko mbali chini ya sifuri, hapa Dar hauwezi kuufikia hata ufanyeje. Fundi alipoichomelea bila kuipasha kwanza, pale kando ya mshono chuma kiliiva kikapoa ghafla, kikajigeuza muundo, mgeuko ukapanda ukapita joto letu la nyuzi thelathini. Kwahiyo kulabu ikawa imesimama kwenye jua kali lakini kwa hesabu yake yenyewe ipo kwenye barafu.

Sasa chungu cha presha cha kinu. Kwa vinu vingi duniani, vile vya maji yenye presha, ni pipa la chuma unene wa kama sentimita 20, ndani limepakwa stenlesi nyembamba kuzuia kutu. Maji ya ndani yapo nyuzi karibu 300 na hayachemki kwa sababu yamebanwa bar 155, tairi la gari dogo ni bar mbili na kitu ili upate picha. Karibu kila kitu kwenye kinu kinaweza kubadilishwa kwa pesa na muda, chungu hiki hakibadilishwi. Kikichoka, kinu kimekufa.

Na ukuta wake hauli nyutroni nyingi, katikati kuna maji yanazipunguza. Kwa maisha yake yote hata atomu moja kati ya kumi haijasukumwa. Kidogo mno! Lakini inatosha kuhamisha ule mgeuko kwa makumi ya nyuzi, na zaidi pale chuma kilipokuwa na uchafu. Na uchafu wenyewe sasa, hapa naomba mafundi weldi mnisikilize vizuri, ni shaba.

Nendeni kesho karakana yoyote Gerezani au Keko mtazame koili la waya wa mashine ya gesi. Una rangi gani? Wa shaba. Ukiufuta na kitambaa cheupe unaacha alama. Ndani ni chuma, juu wamepaka shaba nyembamba ili usishike kutu na umeme upite vizuri. Kitu kizuri kabisa, hakuna ubaya. Vyungu vya zamani vya Marekani, vile vya miaka ya sitini kuingia sabini, vilishonwa na waya uliopakwa hivyo hivyo. Ile shaba ikayeyuka ikaingia kwenye mshono, pengine sehemu tatu kati ya elfu moja, mtu hajali. Kwenye kazi ya kawaida ingekaa humo mpaka kiama bila kusumbua. Lakini nyutroni zinapochanganya vile viti, atomu za shaba zinapata nafasi za kutembea, zinatafutana, zinakusanyana vijidonge vidogo visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida, na kila kijidonge ni kizuizi kingine kwenye njia ya mstari unaotaka kuteleza.

Yaani yule fundi wa miaka ya sitini alifanya kazi safi, mshono wake ulipita eksirei, ulipita presha, mkaguzi kama mimi akasaini. Na miaka ishirini baadaye mshono ule ule ndo sehemu inayoogopwa kuliko zote kwenye chungu kizima. Hili jambo huwa linaniumiza kila nikilifikiria maana na mimi nasaini karatasi.

KijanaWaKeko:

Kaka samahani umenitisha, mimi huo waya ndo natumia kila siku kwenye mageti na madirisha ya watu. Kwahiyo nimekuwa nawafungia watu kitu kibovu?

MshonoWaChuma:

Hapana mdogo wangu, lala usingizi. Geti la Mbezi halina nyutroni. Shaba yako itakaa imetulia miaka yote. Wewe kinachokusumbua ni kingine, na nilikuwa nakuja huko: vijiti vya weldi. Unapofungua pakiti ya 7018 unaiweka wapi?

KijanaWaKeko:

Ipo tu hapo chini ya benchi kaka. Tukimaliza tunafunga na mfuko.

MshonoWaChuma:

Basi ndo hapo. Dar unyevu wake unaujua, nguo hazikauki. Ule unga wa juu ya kijiti unafyonza maji hewani, ukiwasha moto maji yanagawanyika, haidrojeni inaingia kwenye chuma cha moto kikiwa uji. Ni atomu ndogo sana, inatembea ndani ya chuma kikishaganda, inakwenda kukaa pale penye mkazo mkubwa, na baada ya siku moja mbili unasikia tik. Ufa. Ulishapaka rangi na kulipwa. Ndo maana 7018 lazima ipitie oveni, nyuzi mia tatu na kitu, halafu ikae kwenye chombo cha moto mpaka dakika ya kuitumia, na ufa wa hivyo mkaguzi anautafuta siku mbili baada ya kazi, hautafuti saa ile ile. Kulabu yangu ilikatika siku gani? Ya tatu. Naamini haidrojeni ilikuwa na mkono wake mle.

Na msidhani hii ni shida ya karakana za uswahilini peke yake. Ubelgiji mwaka 2012 walipima chungu cha kinu cha Doel 3 kwa altrasaundi wakakuta maelfu ya viufa vidogo ndani ya unene wa chuma, na chanzo ni haidrojeni iliyobaki tangu kiwandani kabla hata chungu hakijasafirishwa. Miaka thelathini ilikuwa humo hakuna anayejua.

MamaKigamboni:

Jamani huu uzi mtamu sana, mimi siyo fundi ila nafuatilia. Kaka nina swali, huku kwetu Kigamboni tulisikia habari za mchanga mzito wa Fungoni, wakasema kuna zirkoni. Hiyo ndo hiyo ya nyuklia au ni nyingine?

MshonoWaChuma:

Dada swali zuri mno. Zirkoni ya mchangani ni madini, yale yale yaliyokuwa yanachimbwa Kwale kwa majirani zetu Kenya, na sehemu kubwa duniani inaishia kwenye vigae na vyombo vya choo. Ukiyachakata sana unapata metali inaitwa zirkoniamu, na hiyo ndo mirija inayobeba vidonge vya urani.

Kwanini wasitumie stenlesi ambayo kila mtu anaijua? Kwa sababu zirkoniamu inaziachia nyutroni zipite, inazila kidogo sana ukilinganisha na chuma, na moto wa kinu unaishi kwa nyutroni. Lakini mchangani haiji peke yake, kila mahali imeshikamana na ndugu yake hafniamu, asilimia moja mpaka tatu hivi, na huyu ndugu anazila nyutroni mara zaidi ya mia tano ya mwenzake. Kikemia wanafanana kama mapacha kwahiyo kuwatenganisha ni kazi ya viwanda vichache duniani. Kwenye bakuli la chooni hakuna anayehangaika kuwatenganisha. Admirali Rickover wa Marekani ndo aliyesukuma hiyo kazi mpaka ikawezekana kwa wingi kwa ajili ya manowari ya Nautilus, iliyong'oa nanga kwa nguvu za nyuklia Januari 1955.

Sasa mrija wenyewe. Unene wake haufiki milimita 0.6, upana hauzidi kidole changu kidogo, urefu karibu mita 4. Kinu kimoja cha Koeberg kule Afrika Kusini kina mafungu 157, kila fungu mirija 264, piga hesabu ni zaidi ya elfu 41. Ndani urani ya moto zaidi ya nyuzi elfu katikati ya kidonge, nje maji ya nyuzi 300, katikati ni hicho kikuta. Na hapa atomu siyo moja kati ya kumi, kila atomu ya mrija inasukumwa kwenye kiti chake zaidi ya mara kumi kabla haujatolewa.

Na zirkoniamu ina tabia nyingine ambayo chuma chetu cha kawaida hakina. Atomu zake zimejipanga kama nyumba ya nyuki, pembe sita, na wakati wa kuvuta mrija kiwandani punje karibu zote zinalala uelekeo mmoja. Ikipigwa nyutroni inarefuka upande mmoja na kusinyaa upande mwingine, bila mtu kuivuta, bila mzigo wowote. Inakua. Lazima waache nafasi juu ya mirija toka mwanzo, wasipopiga hesabu vizuri inagusa inaanza kupinda kama mianzi.

Halafu haidrojeni inarudi tena. Maji yanaila zirkoniamu polepole, oksijeni inabaki juu kama ngozi, sehemu ya haidrojeni inaingia ndani. Kwenye moto inayeyuka humo haina neno, ikipoa inaganda visahani vyembamba vigumu. Visahani vikilala kufuata ukuta mrija unaishi. Vikisimama kukata ukuta, kila kisahani ni mkato tayari wa Charpy, dada yetu BintiUkonga anajua namaanisha nini. Na kinachoamua vilale au visimame ni mkazo uliokuwepo wakati mrija unapoa, kwahiyo hata kukausha fueli iliyotumika ili ikahifadhiwe ni kazi ya kupima nyuzi na presha kwa makini.

Agosti 1983 kinu cha Pickering huko Kanada, mrija mkubwa wa presha, nao wa zirkoniamu, ulipasuka kama mita mbili ghafla. Vishikizo vilivyokuwa vinautenganisha na mrija wa nje wenye baridi vilihama, ukalala ukaugusa, haidrojeni ikafuata pale penye baridi, ikajaa ikatengeneza malengelenge ya kigae. Walidhani mrija wa namna ile utavuja kwanza ndo upasuke. Haukuvuja. Kama kulabu yangu.

Fukushima nayo Machi 2011, ile milipuko ya majengo mliyoiona kwenye tivii haikuwa ya bomu. Maji yalikauka, mirija ikafika kwenye nyuzi elfu moja na mia na zaidi, hapo zirkoniamu na mvuke wanawaka kwa kasi wenyewe kwa wenyewe, inatoka haidrojeni kwa wingi, ikapanda kwenye majengo ikashika moto. Ndo maana siku hizi wanajaribu kupaka mirija kromiamu nje, au kutumia aloi ya chuma, kromiamu na alumini badala yake, wapate muda zaidi kabla ya kufika huko.

SautiYaMbagala:

Mkuu nimesoma yote. Kwahiyo unatuambia tusijenge? Maana kwa maelezo haya hakuna chuma kinachofaa, tubaki na Bwawa la Nyerere na gesi yetu.

MshonoWaChuma:

Hapana mkuu, sijasema hivyo na siamini hivyo. Koeberg inawasha umeme tangu miaka ya themanini, wamebadilisha majenereta ya mvuke, na mwaka 2024 kinu cha kwanza kiliongezewa leseni miaka 20. Chuma kinafaa. Ninachosema ni kwamba chuma cha kinu hakikai kama kilivyonunuliwa, kwahiyo ukikinunua umenunua na kazi ya kukiangalia miaka sitini.

Wanakiangaliaje? Tangu siku ya kwanza wanaweka ndani ya chungu, karibu na moto kuliko ukuta wenyewe, vikopo vyenye vipande vya chuma kile kile na mshono ule ule, vimechongwa tayari kwa Charpy. Mimi naviita mashahidi. Kwa kuwa vipo karibu zaidi vinazeeka haraka kuliko ukuta. Kila baada ya miaka kadhaa wanatoa kikopo kimoja, wanavunja vipande, wanajua ukuta utakuwaje mbele ya safari. Wanachokiogopa ni siku maji baridi ya dharura yanaingia ghafla wakati presha bado iko juu, kama kumimina maji ya friji kwenye glasi ya chai ya moto. Kama mgeuko umeshapanda sana, ndo hapo.

Yankee Rowe kule Massachusetts kilizimwa mwaka 1991 na hakikuwashwa tena. Chungu hakikupasuka. Walishindwa kuthibitisha kwamba hakitapasuka, ushahidi wa vipande haukutosha. Warusi wao walichukua njia nyingine, mwaka 1987 kwenye kinu cha Novovoronezh walishusha tanuru ndani ya chungu, wakakipasha zaidi ya nyuzi 400 siku kadhaa, atomu zikarudi kukaa, mgeuko ukashuka. Kama fundi anavyopasha waya uliokaza ili ulainike.

Na mfano wa mwisho niliouweka moyoni, kinu cha Davis-Besse, Ohio, Marekani, 2002. Nozeli, yaani vijibomba vinavyopita kwenye kifuniko cha chungu, za aloi 600 ya nikeli zilipata nyufa, na tahadhari ya aloi hiyo ilishatolewa na Mfaransa Henri Coriou tangu 1959, akaonyesha inapasuka hata kwenye maji safi, wengi hawakumsikiliza. Maji yenye asidi ya boroni yakavuja kidogo kidogo juu ya kifuniko, unga ukajaa, vichujio vya hewa vikawa vinaziba kwa vumbi la kutu, watu wanabadilisha vichujio. Kwenye chuma cha unene wa zaidi ya sentimita 15 asidi ikachimba shimo lote mpaka chini, ikabaki ile stenlesi ya ndani tu, chini ya sentimita moja, na presha yote ile nyuma yake. Walipoikuta ilikuwa imetuna kwa nje. Imetuna! Ilipinda, ikavumilia, haikukatika. Chuma laini kilichokubali kunyooka ndo kilichozuia msiba pale.

Kwahiyo SautiYaMbagala, nikisikia watu wanazungumzia megawati ngapi na bei gani nawaelewa, lakini mimi nauliza nani atavunja vile vipande vya mashahidi. Tunao wakaguzi wangapi wa altrasaundi wanaoweza kukaa na mshono mmoja siku nzima bila bosi kuwapigia simu kwamba meli inasubiri? Msimamizi wa ile yadi hakukosa pesa, ripoti alikuwa nayo mkononi.

BintiUkonga:

Kaka hapo mwisho umenigusa. Sisi mashine ya Charpy tunayo, imefunikwa na turubai maana wateja wanaleta nondo za kuvuta tu, mwaka huu haijashuka nyundo hata mara moja. Hiyo nusu ya kulabu bado unayo? Niletee. Nikate vipande kwenye mshono na vipande kwenye shingo ambako moto haukufika, tuvunje vya joto la kawaida, na vingine nivipashe nyuzi mia tuone vinaanza kupinda wapi. Sitakulipisha, nataka vijana wa maabara waone kwa macho yao.

BahariaMstaafu:

Na mimi nije, kama mnaruhusu wazee.

MshonoWaChuma:

Dada umenifurahisha sana. Ipo, nimeifunga kwenye gazeti nisiiharibu pale ilipokatikia. Usikate karibu na ule uso, nataka ubaki. Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa hapo, mzee nitakupitia njiani, nitumie sehemu unayokaa kwenye ujumbe wa pembeni. KijanaWaKeko na wewe njoo, uje na vijiti vyako vitano vya chini ya benchi.